Usaili una zoezi la intrei, nijiandaeje?

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza chuo mwaka jana nikaomba nafasi ya umeneja mwanafunzi kwenye benki moja hapa Dar, mtihani wa kompyuta nimepita, sasa tumeitwa usaili wa siku nzima na kwenye ratiba kuna zoezi la intrei, dakika 60. Mwenzangu anasema ni spidi tu, soma fasta jibu fasta. Ni kweli? – Mhitimu, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa kufika hapo. Mwenzako kakupoteza kidogo. Muda ni mchache kweli, lakini kinachoangusha watu ni kuanza kujibu karatasi ya kwanza kabla hujaiona ya mwisho.

Zoezi la intrei (yaani trei ya karatasi zinazoingia mezani kwako) liko hivi: unaambiwa wewe ndo meneja mpya wa tawi, aliyekuwepo kaondoka ghafla, mezani (siku hizi mara nyingi kwenye kompyuta) kuna rundo la barua, imeili, madokezo, kalenda na orodha ya wafanyakazi, jioni unasafiri na hakuna wa kumuuliza. Kila karatasi useme utafanya nini, lini, nani ashughulikie na kwa nini. Sio jambo jipya, kampuni ya simu ya AT&T kule Marekani iliwapima mameneja wake hivi kwenye utafiti ulioanza 1956.

Sasa angalia mtego. Karatasi ya 3, mteja kakatwa hela mara mbili, analalamika. Unaandika chap "apewe Neema wa huduma kwa wateja", unasonga mbele. Karatasi ya 9, fomu ya likizo, Neema yuko likizo ya uzazi toka juzi. Karatasi ya 14, mteja yuleyule kaandika tena, asipojibiwa hadi Ijumaa anapeleka malalamiko Benki Kuu. Hizo tatu ni ishu moja na msaili anataka kuona umeziunganisha, kwa hiyo unaandika hivi: "Nampigia mteja mwenyewe leo kabla ya saa sita. Kaimu wa Neema akague miamala, anipe majibu kesho asubuhi. Sababu: amelalamika mara mbili na ametaja Benki Kuu." Fupi, ina jina, ina muda, ina sababu.

Halafu usitishwe na neno HARAKA. Utakuta dokezo la herufi kubwa kuhusu fulana za bonanza, huku ripoti ya mkaguzi, para ya tatu huko, inasema kwa upole tu kwamba funguo zote mbili za sefu anakaa nazo mtu mmoja. Hiyo ya sefu ndo ya leo hii hii, fulana mpe mtu.

Kujiandaa: huna haja ya kukariri mambo ya benki, taarifa zote zimo kwenye karatasi na usiongeze za kwako. Mwombe rafiki akutengenezee karatasi 15 hivi, aweke na zinazopingana, tarehe zinazogongana, mtu aliye likizo, kisha tega saa. Dakika 15 soma zote na kalamu ya kupigia mistari tu, 40 andika, 5 rudia kalenda uone hujajipangia vikao viwili kwa wakati mmoja. Ukimaliza akuhoji, "kwa nini hii umeiacha mpaka wiki ijayo?", maana sehemu nyingi baada ya kuandika unaitwa ujieleze kwa mdomo. Na vaa saa ya mkononi, simu wanaweza kuzikusanya mlangoni.