Soya ina ndugu wengi: kwenu mnaoanza kuchunguza familia za jeni

Wanafunzi wa uzamili, wa Njoro na wa Maseno, huniuliza soya ina jeni ngapi za WRKY, zile zinazotengeneza protini za kuwasha na kuzima jeni nyingine, hasa mmea unapougua. Idadi hutegemea toleo la jenomu (mfuatano wote wa DNA ya mmea) na uchujaji wako. Mimi hutaka kwanza kujua zipi ni ndugu wa tumbo moja, yaani nakala zilizotokana na jeni moja iliyojirudufu.

Jenomu ya Williams 82, soya ya Marekani, ilichapishwa mwaka 2010: kromosomu 20, jeni zaidi ya 46,000. Jenomu hiyo ilijirudufu nzima takriban miaka milioni 59 iliyopita, kisha tena milioni 13 iliyopita, ndiyo maana karibu asilimia 75 ya jeni zina nakala zaidi ya moja.

Kutafuta si kazi kubwa. Pakua protini zote, zipitishe kwenye HMMER, programu ya kutafuta protini za familia moja, kwa kielelezo PF03106, ambacho ni cha WRKY. Kompyuta yako ya mkononi inatosha, usingoje seva. Bakiza protini moja kwa kila jeni. Majina ya zamani ya jeni huandikwa Glyma06g, mapya Glyma.06G, usiyachanganye, kwani kati ya matoleo baadhi ya jeni ziliunganishwa au kugawanywa. Na ukikuta protini yenye herufi WRKYGKK mahali pa WRKYGQK, alama ya kawaida ya familia hii, tafadhali usiitupe. Ni mwanafamilia halali.

Ugumu uko kwenye kupima kila jeni inafanya kazi kiasi gani, kwa qPCR, mbinu ya kunakili kipande cha jeni na kukipima kinavyoongezeka. Ndugu wawili hufanana mno katika sehemu inayotafsiriwa kuwa protini, hivyo praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha unakili uanzie wapi) zikishika hapo utapima wote wawili na kumsifu mmoja. Ziweke kwenye mwisho wa 3', yaani mkia wa jeni usiotafsiriwa, ambako tofauti ni nyingi, kisha zilinganishe na jenomu nzima. Kilele kimoja kwenye mkunjo wa kuyeyuka, mchoro unaoonyesha kipande kilichonakiliwa kinayeyuka kwa joto gani, hakitoshi, maana kipande cha ndugu chaweza kuyeyuka kwa joto lile lile. Soma mfuatano wa kipande chenyewe, hata kama bajeti ni finyu.

Jambo moja linaniuma: mkulima wa Busia au Migori anayehangaika na kutu ya soya hapandi Williams 82. Hapo hapo kwenye mwisho wa 3', aina anayopanda yeye inaweza kuwa na herufi za DNA zilizo tofauti. Kabla ya kuagiza praima za jeni zote, tafuta mbegu zake, zioteshe kwenye mikebe, toa DNA ya majani machanga, uanze kwa kujaribu jozi chache za praima.