Jahazi lisilo na bendera ni la nani? Maswali yenu kuhusu dawa za kulevya

Tangu Oktoba 2025, Jeshi la Wanamaji la Kenya lilipokamata jahazi lenye zaidi ya tani moja ya methamfetamini na kulileta Mombasa, barua zenu hazijakatika. Nimechagua chache na kuzifupisha. Majina sikuyaandika, kwa sababu mnazijua nyumba zenu na mitaa yenu kuliko mimi.

Nahodha mstaafu, Mji wa Kale: Zamani manowari za wageni zilikuwa zikikamata majahazi huko nje, unga wamwagwa baharini, mabaharia waachwa waende zao. Hawa wa juzi wameletwa kortini. Kimebadilika nini?

Shikamoo mzee wangu. Unakumbuka vizuri. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikuta kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi, kama kilomita 50 tu kutoka pwani yetu. Mzigo uliteketezwa huko huko. Manowari za muungano wa kimataifa wa wanamaji wenye makao yake Bahrain hufanya kazi hivyo: hukamata na kuharibu. Kushtaki si kazi yao.

Tatizo ni sheria ya bahari. Maili 12 kutoka ufukweni, Kenya ndiyo mwenye nyumba. Ukivuka hapo, chombo kiko chini ya nchi ambayo bendera yake kinapeperusha, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara ya dawa za kulevya unasema omba kwanza ruhusa ya nchi hiyo kabla ya kukipanda na kukipekua. Wasafirishaji wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hawapeperushi bendera yoyote. Chombo kisicho na bendera kinaweza kusimamishwa na manowari ya nchi yoyote, sawa. Lakini kukisimamisha ni jambo moja na kuwafunga waliomo ni jingine. Lazima ipatikane nchi iliyo tayari kuwapokea watu, mzigo na mashahidi, na yenye sheria inayofika mbali kiasi hicho.

Safari hii Kenya ilikwenda yenyewe, kwa meli yake, zaidi ya kilomita 600 mashariki ya Mombasa, ikarudi na chombo kizima pamoja na mabaharia sita raia wa Iran. Habari kubwa kwangu ni hiyo, kuliko ile tani. Na safari ya namna hii haianzi kwa bahati. Bahari ni pana mno. Bila mtu kukudokeza jahazi liko wapi, utazunguka hadi mafuta yaishe. Siku hizi Madagascar kuna kituo kinachokusanya taarifa za vyombo katika upande huu wa Bahari ya Hindi, na Seychelles kuna kingine cha kupanga operesheni za pamoja.

Mengine unayajua kuliko mimi. Majahazi hayo hutoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, na hupenda kaskazi kama walivyoipenda babu zetu. Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, ikichafuka, vyombo hupungua na habari za ukamataji hupungua nazo. Msimwamini kiongozi anayewaambia mwezi Juni kwamba biashara imekwisha.

Mwanafunzi wa sheria, Tudor: Meli ya 2014 ililipuliwa baharini Rais akitazama. Ushahidi si ulizama nao?

Unaizungumzia Al Noor, iliyokamatwa Julai 2014 na heroini zaidi ya kilo 370 iliyofichwa ndani ya tangi la dizeli. Ililipuliwa mwishoni mwa Agosti, Uhuru Kenyatta akiwapo. Picha ilipendeza kwenye televisheni. Mimi sikuifurahia, kwa sababu kesi haikuwa hata imekolea.

Hata hivyo, kuteketeza mzigo kabla ya hukumu hakuvunji sheria kwenyewe. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 inaruhusu, ila kwa utaratibu: mzigo wote upimwe uzani, sampuli zichukuliwe na mkemia aliyeidhinishwa, mshtakiwa na wakili wake wawepo inapowezekana, kila mtu atie saini, ndipo mahakama iseme uchomwe. Ukiwa wakili wa utetezi siku moja, hutaanza kwa kubishana kama ule ni unga au si unga. Utauliza mfuko ulifungwa na nani, ulilala stoo gani, na mbona mizani ya bandarini haikubaliani na ya maabara. Na ukiwa upande wa serikali, maswali hayo hayo ndiyo ya kujiuliza usiku ule ule wa kukamata, kabla ya kuwaita waandishi wa habari.

Kijana wa Majengo: Ndugu wa Akasha walipelekwa Marekani. Mahakama zetu zina kasoro gani?

Kaka, hili linahitaji nafasi. Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa hapa Mombasa Novemba 2014 pamoja na wenzao wawili, raia wa India na wa Pakistan, baada ya watu wa shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya kujifanya wanunuzi wa wafanyabiashara wa Kolombia. Kwa mujibu wa mashtaka ya New York, walikabidhi kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Marekani ikaomba wapelekwe, na kesi ya ombi hilo ikavutwa katika mahakama zetu kwa zaidi ya miaka miwili, wenyewe wakiwa nje kwa dhamana. Januari 2017 wakachukuliwa, wakapandishwa ndege, kesi haijaisha.

Mawakili wao walilalamika, na mimi kwa hilo niko nao. Ukishazoea kumwondoa mtu nchini kabla hakimu hajamaliza, leo ni mtuhumiwa wa unga, kesho ni mwandishi aliyewaudhi wakubwa. Lakini soma kilichofuata. Oktoba 2018 ndugu hao wawili walikiri makosa, na mojawapo ya walilolikiri ni kuwahonga maofisa Kenya ili kesi yao ikwame. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, mdogo wake miaka 23 Januari 2020. Kwa hiyo swali lako limejibiwa na washtakiwa wenyewe: hatukukosa sheria, hatukukosa majengo. Waliotoa hongo wako gerezani. Upande wa waliopokea ndio ningependa kuusikia ukisomewa mashtaka kwa sauti ile ile.

Ushirikiano wa kimataifa una mlango wa kawaida, tena tunao. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 ya kusaidiana na nchi nyingine katika kesi za jinai: kuomba kumbukumbu za benki, kuchukua ushahidi wa shahidi aliye ng'ambo, kuzuia mali. Haina mbwembwe wala helikopta. Ni barua, mihuri na subira, na papa mwenyewe, yaani tajiri mkubwa wa unga, huwa anaogopa barua ya benki kuliko boti ya doria.

Mama wa kijana, Kisauni: Mwanangu ana miaka 23, yuwatumia unga. Wengine waniambia nimpeleke polisi, wengine nimpeleke kwa methadoni, na jirani asema hiyo methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Nifanyeje?

Pole mamangu. Kituo cha polisi si hospitali. Kupatikana na unga ni kosa la jinai, na ukishamkabidhi huwezi tena kusema ulitaka wamtishe tu. Ataingia rumande na arosto yake, yale mateso ya kukosa unga, atapike, atetemeke, na akitoka maskani ya wenzake wanaotumia iko pale pale.

Kuhusu jirani: hapana, si kitu kimoja. Unga hushika kwa saa chache, kisha arosto, kisha mtoto anauza sufuria yako apate kete nyingine. Methadoni ni dawa ya majimaji ya kunywa, hukaa mwilini siku nzima na zaidi, haimpandishi mtu kichwani kama unga, na haina sindano, kwa hiyo hakuna kuazimana sindano na kuambukizana virusi vya Ukimwi au homa ya ini. Anainywa mbele ya muuguzi, kila siku, bila malipo. Kwa Pwani ilianzia Malindi mwaka 2015, na sasa kliniki iko hapo hapo Kisauni kwako. Njia rahisi ya kuingia ni kupitia mashirika yanayowafuata vijana mitaani, kama Reachout Centre Trust au MEWA. Wao ndio humwandaa na kumsindikiza. Usitarajie miezi mitatu. Wengi huhitaji miaka.

Mawili ya hatari uyashike. Methadoni pamoja na bugizi, vile vidonge vya usingizi, au pombe yaweza kumsimamishia pumzi usingizini. Ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, haamki, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Kuna dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha. Na akikosa kliniki siku kadhaa, asidai kipimo chake cha zamani, wala asirudie unga kwa kiasi alichozoea, maana mwili huwa umeshasahau.

Wenye umri wangu wanakumbuka mwisho wa 2010, unga ulipoadimika Pwani nzima. Wakubwa walishangilia. Mitaani vijana walikuwa wanagaagaa, hospitali hazikuwa na dawa ya kuwapa, na Msalaba Mwekundu ukalazimika kuingilia. Miezi michache baadaye unga ukarudi, ukawakuta wanunuzi wote wako palepale wakingoja. Ndiyo sababu nikisikia tani zimekamatwa, jambo la kwanza ninalouliza ni kliniki zina nafasi ngapi.

Wewe mwenyewe ukitaka wa kuzungumza naye, piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Mwenye duka, Likoni: Gavana alipiga marufuku muguka, mbona bado wauzwa?

Kwa sababu sheria ya taifa inautambua muguka, aina ya mirungi, kama zao la biashara. Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku Mei 2024, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, Ikulu ikasema marufuku hizo hazina nguvu, na Mahakama Kuu kule Embu ikazisimamisha. Wala mikataba ya kimataifa haijauorodhesha. Uingereza iliiharamisha mirungi mwaka 2014 kwa sheria yake yenyewe. Kuuzia watoto muguka mbele ya duka lako ni ubaya mwingine, na kwa huo huna haja ya kungoja gavana.

Dada wa miaka 24, Bamburi: Rafiki niliyejuana naye mtandaoni anilipia tiketi nikamchukulie mzigo wa nguo Asia. Asema nitapita na begi moja tu la sampuli. Ni kazi halali?

Mdogo wangu, usiende. Mtu mwenye nguo za halali hutuma kwa meli au kwa kampuni ya vifurushi, hamlipii mgeni tiketi ya ndege na hoteli ili abebe begi moja. Wanakutafuta wewe kwa sababu pasipoti yako ni safi.

Machi 2025 mwanamke wa Kenya alihukumiwa kifo nchini Vietnam kwa zaidi ya kilo 2 za kokeini zilizopatikana ndani ya begi lake. Yeye alishikilia kwamba alipewa begi hilo na hakujua kilichomo. China, gramu 50 za heroini zinatosha kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo. Ubalozi wetu unaweza kukutembelea, kukutafutia mkalimani, kuomba huruma. Kukutoa hauwezi. Hapa nyumbani, tangu marekebisho ya 2022, usafirishaji wa zaidi ya gramu 100 ni faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo cha miaka 50, au vyote viwili.

Kama begi umeshakabidhiwa, usilipasue kuchungulia na usilirudishe peke yako usiku. Hifadhi ujumbe wote mliotumiana, mchukue mzazi na wakili, mlipeleke polisi kabla hujakanyaga uwanja wa ndege. Ukishapita mizani ya mizigo na jina lako likabandikwa kwenye mkono wa begi, litakuwa lako.