Kuvua stajoni mtoni Fraser kwa kundi: mshipi, nanga na namna ya kumrudisha samaki

SWALI: Tuko wanane, tunafanya kazi pamoja hapa Kanada, na tumepanga siku mbili za kuvua stajoni (sturgeon, samaki mkubwa wa mtoni) kwenye mto Fraser mwishoni mwa Septemba, kati ya Mission na Chilliwack. Tumekodi boti mbili za injini, na wawili wetu wana kadi ya kuendesha boti. Wote tumezoea kuvua samoni. Je, fimbo zetu za samoni na mshipi wa pauni 30 (yaani unaostahimili mvuto wa pauni 30) zinatosha? Tugawane kazi vipi ndani ya boti? Na tukimpata mkubwa, tunaweza kumpakia botini kwa dakika chache tupige naye picha?

JIBU: Ndugu zangu, naanza na swali lenu la mwisho, maana jibu lake ndilo linaloamua maandalizi mengine yote. Hapana, msimpakie botini. Kiunzi cha stajoni ni gegedu zaidi kuliko mfupa, na mwili wake umezoea kubebwa na maji. Samaki wa mita 2 ana uzito wa mtu mzima. Ukimwinua hewani, uzito wote huo unavielemea viungo vya ndani, na akiwa jike mwenye mayai unaweza kumuumiza vibaya bila kuona hata tone la damu. Jike wa stajoni mweupe, ndiyo aina ya stajoni wa Fraser, huchukua miaka kama 20 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo hatagi kila mwaka. Wapo waliovuka miaka 100 ndani ya mto. Huyo mtakayemshika huenda alikuwapo kabla yeyote kati yenu hajazaliwa.

Kwenye sehemu hiyo ya Fraser, tangu mwaka 1994 hakuna stajoni wa kupeleka nyumbani. Kila anayeshikwa anarudishwa hai. Kwa hiyo kila kifaa mnachonunua na kila kazi mnayogawana, jiulizeni kama inamsaidia huyu samaki aondoke na nguvu zake.

Hapo ndipo mshipi wa pauni 30 unaposhindwa. Wavuvi wa samoni hupenda mshipi mwembamba kwa sababu samaki haushuku, tena mchezo unanoga. Stajoni humchezi hivyo. Ukimfunga kwa mshipi mwembamba utalazimika kulegeza breki ya rili, atakuvuta saa mbili, na mtakapomfikia atakuwa amechoka kiasi cha kushindwa kujigeuza. Au mshipi utakatika, naye ataondoka akiburuta mita hamsini za uzi. Mshipi mnene ni huruma kwa samaki. Chukueni mshipi wa kusokotwa wa pauni 100 hadi 130, mita 250 au zaidi kwenye rili, na fimbo nzito yenye urefu wa futi 8 au 9. Kipande cha mwisho kinachoshika ndoano kiwe cha uzi mnene na laini, maana ngozi ya stajoni ni kama msasa na ana safu tano za magamba ya mfupa yanayokata. Uzi mwembamba mgumu hukatika hapo, na kabla ya kukatika humchana.

Chubwi, yaani ile risasi ya kuzamisha chambo, iwe kati ya gramu 300 na 700 kutegemea mkondo wa siku hiyo. Ifungeni kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa kwenye gogo chini, ikatike risasi peke yake.

Ndoano ni moja kwa kila mshipi, yenye ncha moja, tena isiyo na kile kijino kinachoizuia isichomoke. Hiyo ni sheria ya mito ya British Columbia, jimbo lenye mto huu. Kama mmenunua zenye vijino, vibonyezeni kwa koleo mpaka vilale kabisa, kisha toboeni kitambaa kwa ndoano na kuichomoa. Ikikwaruza au kuvuta uzi wa kitambaa, rudieni. Mimi hupendelea ndoano ya mviringo, ile ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea ndani, kwa sababu mara nyingi hunasa kwenye pembe ya mdomo. Ila ina masharti yake: usiikwanyue. Stajoni hana meno. Mdomo wake uko chini ya kichwa na hujitokeza kama mrija kunyonya kilicho sakafuni. Ncha ya fimbo itatikisika kidogo, itatulia, itatikisika tena. Nyinyi mliozoea samoni mikono itawawasha. Ngojeni mpaka fimbo ipinde na kubaki imepinda, ndipo mkunje mshipi kwa rili bila kuvuta kwa ghafla.

Chambo cha Septemba ni mayai ya samoni, kwa kuwa samoni wanapanda mto wakati huo na stajoni wanawafuata kula mizoga na mayai. Wenyeji wa kazi hii huyafunga mayai kwenye kipande cha soksi nyembamba za nailoni za kike, bonge la ukubwa wa yai la kuku, wanakaza kwa uzi wa mpira na kuacha ncha ya ndoano nje. Harufu inapenya kwenye nailoni na mayai hayasombwi na mkondo. Stajoni anatafuta kwa kunusa na kwa zile ndevu nne zilizo chini ya pua, kwa hiyo mayai yaliyochina hayana maana. Yawekeni kwenye barafu. Fungeni mabonge thelathini au arobaini usiku wa kabla, kwa sababu vidole vilivyopigwa na baridi ya asubuhi havifungi kitu.

Sasa nanga. Hapa naomba mnisikilize kuliko popote pengine. Fraser ni mto mpana wenye mkondo wa nguvu, na maji yake ni baridi hata siku ya jua. Nanga ifungwe omo, yaani mbele ya boti, daima omo. Ukiifunga tezi, yaani nyuma, mkondo unaukandamiza ukuta wa nyuma wenye injini, maji yanaruka juu yake, na boti inajaa kabla hujapata neno la kusema. Niliwahi kuona boti ya watu watatu imefungwa hivyo kwa sababu mmoja wao alitaka kukaa akitazama upande wa fimbo. Tulifika kwa wakati, tukaikata kamba kwa kisu. Bado nakumbuka jinsi maji yalivyokuwa yakipanda usawa wa injini taratibu tu, bila kelele, huku wao wakiendelea kuzungumza.

Kamba ya nanga iwe na urefu usiopungua mara tatu ya kina cha maji, na mkondo ukiwa mkali iwe zaidi, pamoja na mita chache za mnyororo chini. Mwisho wa kamba fungeni boya kubwa. Stajoni mkubwa akiondoka hamtamzuia mkiwa mmetia nanga. Mtaiachia kamba yote pamoja na boya, mtamfuata kwa injini, kisha mtarudi kulichukua boya lenu. Kwa sababu hiyo kamba isifungwe fundo la kudumu pale omo. Izungushwe tu kwenye chuma chake kwa namna ambayo mtu mmoja anaifungua kwa mkono mmoja, na kisu kikae karibu.

Mgawanyo wa kazi unatokana na hapo. Kwenye boti ya watu wanne, sheria inamruhusu kila mtu fimbo moja, lakini nawashauri mtege mbili, zikizidi tatu. Samaki akishika, anakuwa na watu wanne wa kumhudumia. Nahodha yuko kwenye injini na haachi usukani hata picha ikiwa nzuri vipi. Wa pili yuko omo na kazi yake ni kamba na boya tu. Wa tatu ana fimbo yenye samaki. Wa nne anakunja mishipi mingine haraka, anaondoa ndoo na masanduku njiani, kisha anaandaa koleo na utepe wa kupimia. Pokezaneni nafasi kila baada ya samaki, isipokuwa nahodha. Na asubuhi, kabla ya kutega, fanyeni zoezi moja kavu: mmoja apige kelele kwamba samaki ameshika, nanga iachiwe, boti izunguke, boya lichukuliwe. Mara ya kwanza mtagongana. Ni heri mgongane wakati hakuna samaki.

Mtu asiyejua kuogelea aseme mapema, na asikilizwe bila kuaibishwa. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kila mtu tangu gatini. Likiwa limerundikwa chini ya kiti halimsaidii aliyeanguka, maana maji baridi hukata pumzi kwa dakika ya kwanza na mikono hugoma muda mfupi baadaye. Jihadharini na tagi, yaani meli ndogo za kuvuta, zinazokokota mafungu ya magogo. Haziwezi kusimama kwa ajili yenu. Msimu huo mnaweza pia kukuta nyavu za wavuvi wa Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili wa Kanada, zikielea na mkondo. Wapisheni, hata ikibidi kung'oa nanga.

Samaki akichoka kidogo, mpelekeni kwenye fungu la kokoto lenye maji ya magotini, injini izimwe, na wawili washuke wakiwa na viatu vya kuingilia majini. Nawaelezeni ninavyofanya mwenyewe. Nasimama ubavuni mwake, nashika pale mkia unapoanza kwa mkono mmoja, wa pili naupitisha chini ya kifua, vidole mbali kabisa na matamvua. Naelekeza pua yake inakotoka mkondo. Mwenzangu anachomoa ndoano kwa koleo. Ikiwa imemezwa ndani, anakata uzi karibu na mdomo na kuiacha. Kupima urefu ni kumnyooshea utepe ubavuni ndani ya maji. Picha pia ni hapo hapo: wote mnapiga magoti majini nyuma yake, yeye amelala kati yenu, mgongo ukionekana. Picha za namna hii ndizo zinazopendeza zaidi, na wote wanane mnaenea.

Kisha mnangoja. Utayaona matamvua yakifunguka kwa haraka, halafu polepole, kwa mpangilio. Mkia utaanza kukaza mkononi mwako. Usimsukume. Akiwa tayari atakukwanyua mwenyewe, na mara nyingi utaloa mpaka usoni.

Huenda mkamkuta mwenye kidude kidogo mfano wa punje ya mchele chini ya ngozi nyuma ya kichwa. Hamtakiona kwa macho. Ni alama za utambulisho zinazowekwa na watu wa kujitolea waliofundishwa na shirika la kuhifadhi stajoni wa mto huo, lililoanzishwa mwaka 1997, na husomwa kwa kifaa maalumu. Ndizo zinazoonyesha kwamba samaki mmoja anaweza kushikwa tena na tena miaka inavyopita. Msijaribu kuweka wala kuondoa kitu.

Kuhusu leseni: daraja la reli la Mission ndilo mpaka. Chini yake mto unahesabiwa kuwa wa maji ya kujaa na kupwa, na leseni ni ya serikali ya shirikisho. Juu yake, mnakokwenda nyinyi, leseni ni ya jimbo, na kila mvuvi anahitaji pia ile leseni ya nyongeza ya hifadhi ya stajoni mweupe. Kila mtu awe na yake, hata atakayeshika fimbo kwa dakika kumi. Usiku wa kuamkia safari tazameni matangazo ya kufungwa kwa maeneo, maana hubadilika katikati ya msimu, na tazameni kipimo cha maji cha Hope, mji ulio juu zaidi mtoni. Maji yakiwa yamepanda ghafla baada ya mvua kubwa, magogo yatakuwa yanashuka. Ahirisheni siku ya kwanza, muitumie kufunga chambo na kufanya lile zoezi la nanga kwenye maji tulivu.