Huyo mchungaji wa ng'ombe unayetaka aondoke ndiye anayewalindia mali

Shangazi, nina miaka 34, tumeoana miaka 9 na tuna watoto 2. Baba mkwe alifariki mwaka 2023 akatuachia ranchi huku upande wa Rumuruti, ekari kama 1,500 na ng'ombe 140 wa Boran. Mama mkwe alitangulia zamani. Bwanangu ndiye kijana wa pekee, lakini wifi yangu aliyeolewa Mombasa amerudi anasema na yeye anataka haki yake. Nikamshauri bwanangu tuhamishe ng'ombe zetu 31 tuwapeleke kwa kakangu mpaka mambo yatulie. Mchungaji mzee akakataa kuwatoa bomani usiku na wenzake 3 wakamuunga mkono. Nikamwachisha kazi lakini haondoki, ati mpaka alipwe. Sasa bwanangu amehamia bomani analala na hao wachungaji, nikimpigia hashiki simu. Nahisi wifi amemfanyia kitu. Nifanye nini arudi nyumbani na hawa watu waende zao?

Pole mwanangu. Kulala peke yako na mume yuko kilomita chache tu pale bondeni ni uchungu, hilo sikatai.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikisoma naona kitu umekiruka. Unasema ulimshauri mumeo, haya, yeye alijibu nini? Hukuandika. Unasema umemwachisha mzee kazi, wewe, si mumeo, kwani ni nani alikuajiri kuwa bosi wa ranchi ambayo bado iko kwa jina la marehemu? Halafu hiyo "ati mpaka alipwe" umeipitia mbio sana, mishahara ya miezi mingapi? Mtu anayedai mwezi mmoja hagomi kuondoka, huyo anadai mingi na wewe unajua. Na hao ng'ombe 31 unaowaita "zetu", nani aliwahesabu akawagawa? Mbona waende usiku, tena kwa kaka yako?

Mi naona hivi. Mumeo alikataa, ukaenda nyuma yake ukawaamuru wachungaji, mzee akakataa pia, ndiyo mumeo akahamia huko. Hajarogwa. Amekimbia kelele. Wifi yako usimsingizie uchawi, mwanamke wa watu amekuja mchana akasema haki yake kwa mdomo, hajaswaga ng'ombe gizani.

Na haki anayo. Sheria ya Urithi ya Kenya, ile Cap 160 iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema mtu akifa bila wosia na mke hayupo, mali inagawanywa sawa kwa watoto, haikuandika watoto wa kiume. Mambo ya "ameolewa Mombasa" yalishapelekwa kortini, kuna ile kesi ya familia ya Rono iliyogombania urithi wa ekari 192, Mahakama ya Rufani pale Eldoret mwaka 2005 ilikataa kabisa kuwapunja mabinti kwa sababu eti wataolewa. Kwa hiyo kama watoto ni wawili hesabu ni nusu kwa nusu, hata ulie.

Tena hiyo sheria ina kifungu cha 45, kugusa mali ya marehemu kabla korti haijatoa idhini ni kosa, faini mpaka shilingi 10,000 au jela mpaka mwaka mmoja au vyote viwili, na bado utaambiwa urudishe. Hiyo yako wewe. Mchungaji je? Mzee anakutwa saa nane usiku barabarani na Boran 31 hana pamiti ya mifugo, hana barua ya chifu, na wifi yako ameshapiga simu polisi. Wizi wa mifugo Kenya hii ni kifungo cha hadi miaka 14! Wewe ungekuwa umelala, kaka yako angesema hajui kitu, na yule mzee ndiye angepanda karandinga. Alikataa kwa sababu ana akili, na kwa sababu wale ng'ombe anawajua mmoja mmoja kwa jina.

Watu wakisikia ranchi wanafikiria makauboi wa Marekani na farasi. Huku kwetu Laikipia ni mtu na fimbo, koti kuukuu na tochi, analala nje boma likiwa wazi kwa simba na fisi, alfajiri ahesabu, wiki ikifika awapeleke josho wasije wakafa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Ule ukame uliomalizika 2023, misimu mitano ya mvua iligoma mfululizo, unafikiri hao 140 walibaki hai kwa sababu ya nani? Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Wewe si ndugu hapo, na wachungaji si ndugu, ila wao wameendelea kulima na wewe umeingia katikati ya ugomvi na kikapu kabla ya mavuno.

Hili limenikaa rohoni kwa sababu barua za namna hii zimezidi. Zamani binti akiletwa kwa watu alianza kwa kujua nani ni nani, nani alimlea mumewe, nani hula naye, siku hizi tunaanza na taitodidi. Kijana anachumbia, upande wa pili unauliza babake ana ekari ngapi, na wanaume nao hivyo hivyo wanaoa binti wa mwenye ploti. Halafu mzee akizikwa, hata matanga hayajaisha, mtu na mkewe wanageuka mawakili. Mwanangu, mumeo amefiwa na baba. Kuna siku ulimuuliza anaendeleaje na hiyo huzuni? Labda bomani anapata wa kumsimulia habari za babake, maana huyo mzee alimjua.

Sasa fanya hivi. Mishahara ni deni la marehemu na la mali yenyewe, na madeni hulipwa kabla warithi hawajapewa chao, kwa hiyo wachungaji wote 4 waandikwe kwenye hesabu ya madeni, na huyo mzee arudishiwe kazi yake mbele ya watu. Mumeo na dadake waende pamoja kwa chifu wachukue barua, wafungue mirathi kortini majina yote mawili yakiwemo. Kugawana si lazima kuweka seng'enge katikati. Nchi kavu kama hiyo ukiikata vipande haishibishi mfugo, we angalia vile viploti ambavyo kampuni za kununua ardhi ziliwakatia watu zamani. Kila mtu aandikwe fungu lake na ng'ombe walishwe pamoja kama kawaida.

Wifi mpigie wewe, leo, umwambie lile jambo la usiku lilikuwa lako na si la kaka yake. Simu ya mumeo iache. Kesho asubuhi kabla hawajafungulia ng'ombe, chukua chupa ya chai na vikombe vya kutosha watu 5, uende bomani kwa miguu yako, na kikombe cha kwanza umpe yule mzee.