Dola 500 "yote ndani" kutoka Dar hadi Lubumbashi: piga hesabu kwanza

Mdogo wangu wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, ameuliza kama dola 500 zinatosha kwenda kuchukua gari bandarini Dar es Salaam na kulifikisha hapa Lubumbashi. Kampuni inamwambia hiyo ni "yote ndani": basi la kushuka hadi Dar, mafuta, chakula na mshahara. Kazi hii nimeifanya miaka minane. Usikubali.

Tuhesabu pamoja. Kutoka Dar kupitia Mbeya, Tunduma, Mpika, Kapiri Mposhi na Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, ni karibu kilomita 2,000. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita litataka lita 200. Weka dola 1.2 kwa lita, 240 zimekwenda. Basi la kushuka mimi hulitengea 90. Kisha kuna siku za basi, siku za kungoja karatasi zitoke bandarini, siku nne za kuendesha. Weka siku 10 kwa dola 12 za kula na kulala, ni 120. Umebaki na 50, na bado hujalipia barabara Zambia wala peaji, ushuru wa barabara wa kutoka Kasumbalesa kuja mjini. Mshahara wako uko wapi hapo?

Na hiyo ni safari iliyonyooka. Kinachommaliza dereva ni kungoja. Mwaka wangu wa tatu nilileta Toyota Noah kwa mapatano kama hayo. Nilifika Kasumbalesa siku ya nne, nimefurahi kwamba nimebakiza kitu mfukoni. Deklaranti, wakala wa forodha, akazitazama karatasi, akaniambia namba ya chesisi imekosewa tarakimu moja. Kosa lilitoka ofisini, mimi nilikabidhiwa bahasha imeshafungwa. Nilikaa siku 11. Nililala ndani ya gari, kwa kuwa ukiliacha usiku asubuhi hukuti betri wala vioo vya pembeni. Nilipopiga simu kuomba pesa ya chakula, patroni, bosi aliyenituma, alinijibu kwamba tulishapatana yote ndani. Mke wangu ndiye aliyenitumia, akakata kwenye mtaji wake wa kuuza unga. Nikaingia nyumbani na deni baada ya wiki tatu za kazi. Nikisikia kijana anapewa mapatano yaleyale moyo unaniuma, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kwa hiyo tenganisha vitu viwili. Pesa ya njia ni ya gari: inatoka kwa mwenye gari, unaitolea risiti, ikibaki unairudisha. Mshahara ni wako, na hakuna gurudumu wala karatasi inayopaswa kuugusa. Halafu siku za kungoja mpakani zilipwe. Mimi leo nadai dola 15 kwa kila siku baada ya siku ya pili, na nataka iandikwe, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, kabla sijapanda basi.

Pesa ya njia ukipewa kwa dola, ikague noti kwa noti mbele yake. Sote tunajua noti ikipasuka kidogo tu hapa kwetu hakuna wa kuipokea.

Faini ziko za aina mbili. Tanzania askari wa tochi, yule anayepima mwendo, akikukamata umepita kilomita 50 kwa saa kijijini, ni shilingi 30,000, na hiyo lipa mwenyewe, mguu ulikuwa wako. Taa isiyowaka au pembetatu iliyokosekana ni ya mwenye gari. Bima ya njano ya COMESA pia ni yake. Usiichanganye na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano: hiyo ni yako, na huko njiani utaulizwa zote mbili.

Kabla ya kutoka bandarini piga picha gari lote, na jeki, tairi la akiba, redio. Kitu kikikosekana huku, picha ndizo zitakazoulinda mshahara wako. Tazama pia tairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo mwambie patroni mapema, litapasuka kwenye joto la Mikumi kisha akukate wewe.

Wengine watakushauri ufidie kwa kupakia abiria upande wa Tanzania. Gari la IT, yaani linalopita tu kwenda nchi nyingine, haliruhusiwi kubeba abiria. Likipinduka kwenye mteremko wa Kitonga na watu wanne ndani, utawaambia nini ndugu zao? Dereva anayelipwa vizuri hana haja ya kusimama barabarani kuchukua watu.

Rudi kwa patroni na hesabu hii mkononi, umwombe atenge mshahara peke yake. Akikupa bei mpya, iandike hapa tuipige tena.