Land Rover ya zamani na wizi: GPS peke yake haitoshi

Mkuu uliyeuliza kama GPS inatosha kulinda Land Rover Series III ya petroli inayolala nje pale Nkuhungu, Dodoma: haitoshi. GPS inakuambia gari limekwenda wapi, haizuii lisiondoke. Mwizi anafungua boneti, anavuta waya mmoja kutoka chanya ya betri hadi chanya ya koili (kifaa kinachokuza umeme wa cheche za plagi), anashoti stata, gari limewaka.

Kwa hiyo swichi ya siri inayokata waya wa kutoka kwenye ufunguo kwenda koili ni kazi bure, maana waya wa mwizi unairuka. Wewe anzia upande hasi wa koili, ule unaokwenda platini (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itoke): vuta waya wa milimita za mraba 1.5 hadi kwenye swichi iliyofichwa, kisha funga kwenye bodi. Ukiiwasha swichi hiyo, platini zikifunguka umeme wa koili haukatiki, plagi hazipigi cheche, hata avute waya kumi. Tumia waya uliofifia rangi. Mwekundu mpya unamwonyesha mwizi pa kutafuta. Unapopenya kwenye bati weka mpira, kwani waya ukichubuka ukagusa bodi injini inazima njiani. Usiache ufunguo umewashwa swichi ya siri ikiwa imewashwa: koili itaungua.

Sasa GPS yenyewe, na hapa mafundi wengi wanakosea. Wanaweka swichi kubwa ya kukata hasi ya betri, halafu hasi ya GPS wanaifunga kwenye bodi. Ukikata betri usiku, GPS inabaki na kibetri chake cha ndani tu, kikiisha iko kimya. Zote mbili, chanya na hasi, zifungwe kwenye terminali za betri, kila waya na fyuzi ya ampea 2. Ile ya hasi usiidharau: kifaa kikigusa bodi wakati betri imekatwa, umeme wa stata utapita kwenye waya huo mwembamba.

Chagua GPS inayolala, yaani inayopunguza kula umeme, gari likisimama. Inayokula miliampea 50 muda wote inamaliza nusu ya betri ya Ah 60 kwa siku 25. Usiifiche chini ya bati, haitaona setilaiti. Pima mtandao wa laini ya simu ya GPS pale gari linapolala, na kifurushi kisiishe.

Ikiwa ni dizeli, habari ya koili isahau. Weka koki ya siri kwenye bomba la mafuta kabla ya pampu: gari litakwenda kidogo, litazima, na halitawaka tena mpaka koki ifunguliwe na hewa itolewe.