Broka ana miniti za Baraza la Chuo kwamba tumepewa kiwanja, tulipe?

SWALI: Chama chetu cha uwekezaji kimechanga pesa tujenge hosteli ndani ya kiwanja cha chuo kikuu kimoja cha umma hapa Kenya. Broka ametuletea kopi ya miniti (kumbukumbu za kikao) zinazoonyesha Baraza la Chuo limetukubalia lisi, yaani kukodishiwa kiwanja, ya miaka 30. Anataka "ada ya kushikilia kiwanja" kabla ya Juni 30, ati mwaka wa fedha ukifungwa nafasi imeenda. Pia anasema Hazina ya Taifa imeshakubali maana Katibu wake ni mwanabaraza. Tulipe?

JIBU: Msilipe hata shilingi. Na tafadhali waambieni wenzenu leo leo, kabla mweka hazina hajashawishika.

Kazi yangu ni kukaa na kamati za fedha na miundombinu za mabaraza ya vyuo na kuandaa karatasi zao, na hili neno "Baraza limepitisha" nalisikia karibu kila wiki kutoka kwa watu waliolipa tayari. Wanaamini Baraza ndilo mwenye mali, kwamba wakishanyoosha mkono pale mezani basi ardhi imetoka. Haiko hivyo kabisa. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inalipatia Baraza la chuo cha umma kazi ya kuajiri, kuidhinisha sera na kuidhinisha bajeti. Ardhi yenyewe ni mali ya umma, na Katiba kwenye kifungu cha 62 inasema wazi kwamba ardhi ya umma haitolewi ila kwa namna iliyowekwa na sheria ya Bunge. Kwa hiyo Baraza likikubali, limefungua mlango tu mchakato uanze, na mradi wa mtu binafsi kujenga hosteli na kuiendesha miaka 30 kwa kawaida unaingia kwenye Sheria ya Ubia wa Umma na Binafsi ya 2021, ambayo ina ngazi zake nje ya chuo kabisa na hakuna broka hata mmoja kwenye hizo ngazi.

Sasa hiyo kopi yenu. Iangalieni vizuri pale sentensi ya uamuzi inapoishia. Miniti halisi za mambo ya ardhi huwa zinasema Baraza "limekubali kimsingi, kwa sharti kwamba" halafu inafuata orodha ya masharti: maoni ya mwanasheria, uthamini, idhini ya wizara, idhini ya Hazina. Kopi za mabroka huwa zimekatwa hapo hapo kwenye "kimsingi", ukurasa unaofuata haupo. Angalieni pia kama kuna sahihi ya mwenyekiti na tarehe ya kuthibitishwa, kwa sababu miniti huthibitishwa kikao kinachofuata, kabla ya hapo ni rasimu tu na mwanabaraza yeyote anaweza kusimama aseme hatukukubaliana hivyo.

Hili la Katibu wa Hazina ndilo linaniudhi zaidi maana linasemwa hata na watu wasomi. Ni kweli, kati ya wanabaraza 9 yumo Katibu wa Hazina na yumo Katibu wa elimu ya vyuo vikuu, mara nyingi wanatuma wawakilishi. Lakini mwakilishi kukaa kwenye kiti na hata kupiga kura siyo idhini ya Hazina! Idhini inakuja kwa barua, ina namba ya rejea, imeandikwa kwa chuo kujibu ombi la chuo. Kama hamna barua hamna idhini, hata kama mwakilishi alipiga makofi kikaoni.

Na Juni 30 ni kweli mwaka wa fedha unafungwa, ila kinachofungwa ni matumizi ya bajeti, kiwanja hakiendi popote. Baada ya hapo chuo kina miezi 3 kupeleka hesabu kwa Mkaguzi Mkuu, na kila pesa iliyoingia iwe na risiti ya chuo na ionekane kwenye akaunti ya chuo. Ada ya broka haitaonekana kokote, na mkienda kudai mtaulizwa mlimlipa nani.

Kuna wanaosema tutapambana mahakamani sisi tulinunua kwa nia njema. Someni uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2023 kwenye kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Hati ilikuwepo, imesajiliwa, lakini ardhi ilikuwa ya umma na ugawaji wake wa mwanzo haukufuata sheria, basi nia njema haikumsaidia mnunuzi. Kama hati iliyosajiliwa ilianguka, kopi ya miniti itasimama wapi?

Na hii siyo ya ardhi peke yake, wanaouzia vyuo samani, chakula, kompyuta wote wanaingia shimo hili hili. Mtu anaambiwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ameshasema ndiyo, anachukua mkopo, anapeleka mzigo, halafu anahangaika miaka. Anayejibia manunuzi ya chuo kisheria ni VC (naibu chansela, mkuu wa chuo) kama afisa wa uhasibu, na Sheria ya Manunuzi ya 2015 inasema hamna mkataba mpaka uandikwe na usainiwe na pande zote mbili, tena siyo kabla ya siku 14 kupita tangu mshindi ajulishwe. Hata barua ya kushinda tenda bado siyo mkataba, sembuse simu ya mwanabaraza. Kama mzigo bado uko stoo kwako, uache hapo mpaka uwe na nakala yako iliyosainiwa mkononi.

Nyinyi wa hosteli, andikeni barua kwa VC mkiambatisha hiyo kopi, mwulize kama chuo kimetangaza mradi wowote kwenye hicho kiwanja, mpeleke kwa mkono na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa.